Ulipookoka uliambiwa uache nini ambacho si dhambi bali ni wewe tu? Tupeane uzoefu, watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Mtoto wa Loleza

Wakuu, shalom kwa wanaoipenda, na kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa.

Niende kwenye mada. Juzi jioni nimeshuka Kabwe, hapa Mbeya mjini, nikakuta kijana anahubiri, spika mbili, suti kamili na jua lile. Kila mwisho wa sentensi anavuta pumzi kwa kishindo, "mwambie jirani yako", sauti imekwaruzika mpaka unamwonea huruma. Ule uhubiri wa redioni, mnaujua. Nilipomtazama vizuri, kumbe nimesoma naye sekondari Tukuyu, bweni moja. Huyu jamaa alikuwa anaongea taratibu, Kiswahili cha Kyela kabisa, na ana utani wa chinichini: anatupa neno moja, bweni zima tunacheka, yeye ameshageukia ukutani. Nikamfuata kumsalimia. Akanijibu kwa sauti ileile ya kwenye spika: "Mtumishi wa Mungu, ubarikiwe sana!" Nikamtajia jina la utani nililokuwa namwita. Akacheka kidogo, nikamwona yule wa zamani, halafu akajiwahi: "Mungu ni mwema!"

Nimelala nalo hilo. Sasa swali. Siongelei pombe, uzinzi wala wizi, hayo hayana mjadala. Naongelea hulka: unavyoongea, unavyocheka, ukimya wako, utani wako. Nani aliambiwa aache, na aliacha? Wa madhehebu yote karibuni, hata watawa.

Fundi wa Mwanjelwa

Kucheka. Nitarudi kuandika, nina sare za harusi hapa hazijaisha na bwana harusi keshapiga simu mara ngapi sijui.

Chai ya Mufindi

Mimi ni ukimya.

Nimekulia Mufindi, baba alikuwa kwenye mashamba ya chai. Nyumbani kwetu mnaweza kukaa jikoni jioni nzima mkaongea maneno machache na hakuna aliyenuna. Nikaja chuo Iringa mjini, nikajiunga na vijana wa maombi. Watu wazuri, nisiwaseme vibaya, bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likichelewa walikuwa wananilisha. Shida ilikuwa Ijumaa usiku. Viti vya plastiki vinasogezwa ukutani, kila mtu anatembea huku na huku anaomba kwa sauti. Mimi naenda dirishani, naweka paji la uso kwenye kioo, naomba moyoni. Kiongozi anakuja ananipiga mgongoni: "Fungua kinywa! Fungua kinywa, ndugu!" Mwisho nikaambiwa nina yule pepo bubu wa Marko 9.

Siku moja nikaona isiwe tabu. Kwenye kelele zile hakuna anayesikia mwenzake anasema nini. Nikaanza kutaja vituo vya basi kwa nguvu zangu zote: Ipogolo! Tanangozi! Ifunda! Mafinga! Nyololo! Makambako! Igawa! Chimala! Igurusi! Nikifika Uyole nageuza narudi. Jasho linanitoka. Kiongozi akaja akanikumbatia, akasema sasa ndugu umevunja ukuta. Nikapewa na zamu ya kuongoza maombi ya alfajiri.

Mnaweza kucheka, hata mimi nacheka leo. Lakini mwaka ule mzima sikuomba. Nilikuwa natangaza vituo. Pale dirishani nilikuwa na Mungu kweli, hapa katikati ya ukumbi nilikuwa na sifa.

Ndizi Mbalaga

Hahahaha kondakta wa Roho Mtakatifu. Nimecheka hadi bosi kaniangalia.

Kitonga Hakuna Kulala

Igurusi kuna mtu anashuka?

Mtumishi Asiyelala

Mnacheka mambo ya rohoni, haya. Nawauliza kwa upendo: Bwana alisema nini kwenye Luka 9:23? Mtu yeyote akitaka kunifuata na ajikane mwenyewe. Hakusema ajikane dhambi zake peke yake. AJIKANE MWENYEWE. Hiyo hulka mnayoilinda ndiyo mtu wa kale. Warumi 8:29, tumechaguliwa tufananishwe na mfano wa Mwana. Hukuitwa uwe wewe. Ndugu yetu wa Kabwe anahubiri injili juani, ninyi mmekaa kwenye kivuli mnajadili sauti yake.

Mtoto wa Loleza

Mkuu Asiyelala, afanane na Yesu sawa. Mbona anafanana na mhubiri wa redioni?

Ndizi Mbalaga

Hapo sasa.

Mzee wa Rungwe

Wanangu, ugonile.

Mwanangu Asiyelala, Luka umemsoma vizuri. Huyohuyo Luka ndiye aliyeandika Matendo, nenda sura ya 15. Paulo na Barnaba, wote wamejaa Roho, wanashindana juu ya Marko mpaka wanaachana, mmoja akaenda zake Kipro, mwingine Shamu. Paulo aliokoka njia ya Dameski lakini ukali hakuuacha njiani, aliupa kazi nyingine. Petro naye, tangu mashuani mpaka Pentekoste, nani alimtangulia kusema?

Nami nina la kwangu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wametumwa kutoka Herrnhut, Ujerumani. Mwaka huohuo Walutheri wa Berlin wakaingia upande wa chini, wakagawana nchi. Babu yangu alibatizwa akiwa kijana. Zamani kwetu msibani wanawake wanalia, wanaume wanacheza na mikuki, ndiyo heshima ya marehemu, na babu alikuwa mchezaji hasa, wa kuitwa vijiji vingine. Wamisionari wakasema ngoma basi. Akatii. Baadaye wakampa tarumbeta.

Mimi nilimkuta mzee. Alfajiri ya Pasaka tulikuwa tunakwenda makaburini na tarumbeta kabla jua halijatoka, baridi ya Rungwe mnaijua, nyasi zimelowa, na midomo ya shaba ni ya baridi mpaka wanaipasha kwanza makwapani. Wenzake wamesimama wima wanapuliza. Babu anapuliza huku kisigino kinapiga udongo na mabega yanakwenda upande huu na huu, taratibu, wala hajijui. Wachungaji wamepita pale wengi na hakuna aliyemkanya. Muhuri wa kanisa letu umeandikwa Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Walimwuliza vijana, babu mbona unacheza? Akasema, mimi sichezi, namfuata.

Ndaga fijo, asanteni sana, kwa mada.

Parachichi la Njombe

Mzee wetu heshima kwako. Nimeisoma mara mbili.

Ulanzi Mtamu

Ndiyo maana mimi ni Mkatoliki wa Tosamaganga. Kwetu hakuna anayekupiga mgongo. Unaingia, unapiga magoti, unatoka, hulka yako unaikuta palepale ulipoegesha baiskeli.

Parachichi la Njombe

Ulanzi usitudanganye watu. Mimi nimekaa seminari, ndogo na kubwa, nikatoka kwa hiari yangu kabla ya ushemasi. Mimi napiga mluzi. Nikitembea, nikiosha vyombo, nikifikiri, mluzi unatoka wenyewe, nimeurithi kwa baba aliyekuwa anachunga. Seminari kila kitu ni kengele: kuamka kengele, kula kengele, kunyamaza kengele. Na kile kipindi cha kunyamaza ndipo mluzi unaponijia. Mlezi mmoja aliniandikia kwenye ripoti kwamba sina utulivu wa ndani. Ikasomwa mbele ya baba paroko na wazazi wangu. Mama aliangalia sakafu.

Aliyenisaidia ni padri mzee aliyetufundisha falsafa. Aliniita akaniambia habari za Mtakatifu Tomaso wa Akwino, wa karne ya 13. Mtu mkubwa wa mwili, kimya kupita kiasi, wenzake darasani wakamwita ng'ombe bubu. Mwalimu wake Alberto akawaambia huyo ng'ombe akija kulia dunia nzima itasikia. Na ni huyo Tomaso aliyefundisha kwamba neema haiharibu maumbile, inayakamilisha. Padri akasema sasa piga mluzi lakini usipige kwenye kikanisa, basi.

Ulanzi Mtamu

Seminari sio parokia. Mimi nimesema parokia.

Parachichi la Njombe

Na parokia nako? Dada yangu alipeleka mtoto abatizwe na jina la marehemu bibi, katekista akakataa katakata, anataka la mtakatifu wa Ulaya. Wakati Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inachotaka ni jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo tu. Bibi alikuwa mama wa Mungu wa watu, ana ugeni gani? Ilibidi twende kwa paroko mwenyewe.

Ulanzi Mtamu

Haya wakili wa Vatikani, umeshinda. Mtoto anaitwaje sasa?

Parachichi la Njombe

Majina ya watoto hatuweki mtandaoni mkuu.

Fundi wa Mwanjelwa

Nimerudi. Sare zimekwisha, vifungo nitamalizia kesho. Hii ni ndefu, asiyetaka apite.

Mimi nacheka kwa sauti. Si kidogo. Bibi yangu mzaa mama kule Tukuyu akicheka mtoni watu wa ng'ambo ya bonde wanaulizana bibi fulani kaona nini leo. Mama hivyohivyo. Mimi hivyohivyo. Fremu yangu ya cherehani Mwanjelwa wateja wengine wanaipata kwa kufuata kicheko, wanasema tumeelekezwa fundi anayecheka.

Nikaokoka. Namshukuru Mungu kwa hilo na simrudishii. Kanisa silitaji, lina watu wengi wema na hawakutumwa na mtu kunifanyia walichonifanyia. Mwanzo ilikuwa maneno madogo. Mhudumu ananihamishia viti vya nyuma. Mchungaji akihubiri jambo la kuchekesha wote wanacheka "hehe", mimi nimeshalipuka, wanageuka. Mama mmoja wa maombi akaniambia dada, mwanamke wa Mungu hujulikana kwa upole na utulivu, 1 Petro 3. Nikajitahidi, nikawa nauma kitambaa.

Wakati huo nimepata mchumba, mwimbaji wa kwaya, sauti ya chini. Tukaanza mafundisho ya ndoa. Pale ndipo yakaulizwa mambo ya ukoo. Nani kwenu alikuwa mganga, nani alikufa vibaya, nani ana tabia isiyo ya kawaida. Mimi kwa akili zangu za wakati ule nikamtaja bibi na kicheko chake, nikidhani nasimulia jambo zuri. Wakatazamana. Wakasema hapo ndipo mlango ulipo. Hiyo ni roho ya ukoo, ukiolewa nayo itakula ndoa. Nikapangiwa mkesha wa kufunguliwa.

Nilifunga. Nikaenda. Tulikuwa watu kumi na kitu, na mimi nimewekwa katikati kwenye mkeka. Wakanipaka mafuta. Kaka mmoja mnene akaweka mkono kichwani akaanza kukemea: "Wewe roho ya kicheko, toka! Toka!" Mimi nimefumba macho nalia kwelikweli, namwomba Mungu kama ni jambo la shetani liondoke, maana nilikuwa namtaka Mungu na namtaka yule kijana.

Umeme ukakatika. Giza. Wakaendelea kukemea, tena kwa nguvu zaidi, wakasema unaona? Unaona? Umeme ukarudi. Sasa mpiga kinanda alikuja na mtoto wake mdogo, na mtoto pale gizani alikuwa anachezea vitufe. Taa zinawaka tu, kinanda kikaanza demo. Ile ya dansi, ti-ti-ri-ti-ti, na ngoma zake, sauti juu kabisa kwenye spika. Na kaka mnene mkono bado uko kichwani kwangu anasema "toka" kwa kufuata mapigo.

Nikacheka.

Ndugu zangu, nilicheka kicheko cha bibi yangu, cha mama yangu na cha kwangu kwa pamoja. Nikaanguka chini. Basi ikawa ndiyo ushahidi. Wakanishika mikono na miguu. Walinishika mpaka adhana ya alfajiri. Mikono yangu ilikuwa na alama za vidole, na mimi ni fundi, mikono ndiyo kazi. Mwisho nilinyamaza kwa kuchoka, wakapiga makofi, wakasema ametoka.

Lakini si huo usiku ninaousema. Baya lilikuja baadaye. Kweli niliacha. Mtu akisema jambo la kuchekesha nafunga mdomo, natabasamu kidogo. Wateja wakawa wananiuliza fundi umefiwa? Mama akaja kutoka Tukuyu kuleta ndizi na maparachichi, akakaa kwenye kibao dukani, akaanza kunisimulia habari za mjomba na mbuzi aliyekula karatasi za mkopo wa kikundi. Mama anasimulia, anacheka mwenyewe, machozi yanamtoka, ananigonga paja. Mimi nimetulia, nakata kitambaa. Mama akakoma. Akanitazama usoni muda mrefu. Akaniuliza, "Mwanangu, nani kafa?" Nikamwambia hakuna. Akaniambia, "Yupo." Akajifunika kanga akalia pale dukani kwangu mbele ya wateja.

Na mchumba wangu wiki hiyohiyo ananiambia kwa furaha, sasa umekuwa mwanamke wa kuolewa.

Mteja kaingia, narudi.

Ndizi Mbalaga

HAPANA. Dada usituache hapo.

Kitonga Hakuna Kulala

Mteja mfungie nje. Ikawaje na mchumba?

Mkulima wa Mbozi

Mama yake kaniliza. Nipo kwenye daladala ya Mlowo nalia mtu mzima.

Bomba la Isanga

Chai, uongo huu. Hii chai haina hata sukari. Kinanda hakijiwashi demo chenyewe umeme ukirudi.

Mkulima wa Mbozi

Kasema mtoto alikuwa anabonyeza. Soma.

Bomba la Isanga

Mtoto abonyeze gizani apate kitufe hichohicho? Mimi nimepiga kinanda miaka.

Chai ya Mufindi

Naomba jina langu lisitumike vibaya hapa. Na vinanda vidogo vingi vina kitufe cha demo kimeandikwa kabisa, watoto wanakijua kuliko sisi. Kanisani kwetu kilishalia katikati ya ushirika mtakatifu.

Bomba la Isanga

Sawa, lakini habari ya "mpaka adhana" naipunguza nusu.

Fundi wa Mwanjelwa

Ipunguze tu kaka, alama zilikuwa mikononi kwangu si kwako.

Mtumishi Asiyelala

Dada Fundi pole kwa alama, huo haukuwa utaratibu, mtu hafunguliwi kwa kushikwa. Hilo nalikemea. Ila msipotoshe: kipo kicheko cha kiroho na kicheko cha mwili. Sara alicheka kwenye Mwanzo 18 na Bwana akamwuliza.

Mzee wa Rungwe

Usiishie njiani mwanangu, endelea hadi Mwanzo 21:6. "Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami." Ni huyohuyo Sara.

Parachichi la Njombe

Na kwetu Wakatoliki yupo Mtakatifu Filipo Neri, padri wa Roma, 1515 hadi 1595. Huyo alikuwa mtu wa mizaha hasa. Watu walipoanza kumsifu utakatifu alijitokeza na ndevu zimenyolewa upande mmoja, ili wamcheke. Na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1622. Dada Fundi una mwombezi.

Ulanzi Mtamu

Ndevu nusu! Huyo paroko wetu angemfukuza.

Mke wa Dereva, Ipogolo

Nimesoma kimya kimya muda mrefu, niseme la upande wa pili maana naona wote mmekuwa mawakili wa hulka.

Mume wangu ni Mhehe. Tangu uchumba alikuwa anasema mimi hasira ndiyo hulka yangu, sisi ndivyo tulivyo, tuliwapiga Wajerumani. Ndugu zangu, sahani nimenunua nyingi. Ukimwambia, jibu ni lilelile, Mungu kaniumba hivi. Alipookoka kwenye mkutano wa injili, sikuamini. Lakini alibadilika pole pole. Siku moja gari limeharibika Kitonga, utingo kapoteza spana, nikasubiri moto. Akakaa chini kwenye jiwe, akashika kichwa, akasema "Bwana Yesu", basi. Utani wake haukuondoka. Kupenda kwake pilipili hakukuondoka, wala kuimba nyimbo za zamani akiendesha. Kilichoondoka ni kile cha kupasua sahani.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni hulka yangu" nauliza kwanza nani anaumia. Kicheko cha Fundi hakuna aliyekuwa anaumia.

Mlugulu wa Gangilonga

Huu ndio mchango.

Kamwene Kihesa

Mama, mchango mzuri ila kwa nini Wahehe? Mtu akipasua sahani basi ni kabila? Wanyakyusa hawapasui?

Ndizi Mbalaga

Sisi hatupasui, tunaongea mpaka sahani inajipasua yenyewe.

Kamwene Kihesa

Wewe nyamaza, mnaojua kujisifia mpaka kwenye maombi. "Bwana nakushukuru kwa nyumba yangu ya ghorofa."

Mke wa Dereva, Ipogolo

Kamwene mdogo wangu, mimi mwenyewe ni Mhehe. Punguza.

Kamwene Kihesa

Samahani mama.

Kitonga Hakuna Kulala

Tumerudi kwa Fundi. Mchumba?

Mkulima wa Mbozi

Wakati tunasubiri, dada ushauri wangu hama kanisa.

Mwana wa Tunduma

Asihame, kila kanisa lina mama wa maombi wake. Abaki acheke hadi wazoee.

Bomba la Isanga

Aende Sunday school, apewe watoto. Kule kicheko ni kipawa.

Mtumishi Asiyelala

Aombe. Ninyi wote ushauri wenu hauna neno "aombe".

Chai ya Mufindi

Aombe, ila asikae karibu na kinanda.

Fundi wa Mwanjelwa

Mnanisumbua simu inaungua. Haya.

Mama aliporudi Tukuyu nilimwambia mchumba tusimamishe kwanza, sijisikii. Hakunielewa. Akapeleka habari kwao. Akaja shangazi yake kutoka Kyela, mama mzito, na mchele wake kilo za kutosha, akasema nimekuja kushona gauni, hakusema lingine. Nikajua nachunguzwa. Nikampima, nikashona, akaja kujaribu. Gauni likaingia vizuri, nikapandisha zipu ya nyuma. Shangazi akainama kuokota pochi. Zipu ikafunguka yote, prrrrr, kuanzia juu mpaka chini, na yeye amesimama mlangoni anaangaliana na muuza dagaa wa mbele. Muuza dagaa akasema, "Karibu, mama."

Shangazi ndiye aliyeanza. Wakuu, yule mama anacheka kuliko bibi yangu. Alishika meza ya cherehani ikatikisika. Na mimi nikashindwa, ikatoka yote ya miezi ile. Tulikaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Alipopata pumzi akaniuliza nani alikwambia ufunge mdomo, nikamweleza mkesha, nikamweleza na nani alikuwepo. Akaondoka na gauni limeshikwa na pini.

Sijui alimwambia nini mpwa wake. Alikuja baada ya siku kadhaa akakaa palepale kwenye kibao alipokaa mama. Hakuongea sana. Akasema naomba ucheke. Nikamwambia kicheko hakiombwi hivyo. Akasema basi nitasubiri.

Tumeoana. Tuna watoto wawili na wote wana lile tatizo.

Mkulima wa Mbozi

Asanteni, naenda kunywa maji.

Kitonga Hakuna Kulala

Subiri. Umesema ulimweleza shangazi "na nani alikuwepo". Mchumba alikuwepo mkeshani?

Fundi wa Mwanjelwa

Alikuwepo.

Kitonga Hakuna Kulala

Alifanya nini?

Fundi wa Mwanjelwa

Alishika mguu wa kushoto.

Ndizi Mbalaga

WEEEE.

Mwana wa Tunduma

Na ukaolewa naye? Dada, hapana. Mimi ningeondoka na mchele wa shangazi na nisingerudi.

Bomba la Isanga

Hapa sasa naamini, hii mtu hawezi kutunga.

Mke wa Dereva, Ipogolo

Mwacheni. Ninyi hamjui walivyoongea kwenye kibao. Na mguu alioshika anajua uzito wake kuliko ninyi.

Mwana wa Tunduma

Mama, sahani na miguu ni tofauti.

Mke wa Dereva, Ipogolo

Umeoa wewe?

Mwana wa Tunduma

Bado.

Mke wa Dereva, Ipogolo

Haya.

Fundi wa Mwanjelwa

Msigombane kwa ajili yangu. Aliomba radhi mbele ya mama yangu, mama akamwambia sawa ila siku nikija dukani nikute amenyamaza nitakutafuta wewe. Kanisa tulihama wote wawili. Wokovu niliubeba nikahama nao. Na yule mama wa maombi bado namshonea vitenge, analipa vizuri.

Mtumishi Asiyelala

Dada Fundi, Mungu akutunze. Bado nasimamia Luka 9:23.

Fundi wa Mwanjelwa

Simamia mtumishi, na suti ikichoka niletee.

Kwaya ya Sae

Nimechelewa, samahanini, naona mada imeendelea sana. Mimi nina shida ya sasa hivi. Jumapili nimepangiwa kuongoza sifa, na kiongozi wangu anasema nisiporuka Roho hashuki. Mimi kwa asili naimba nimesimama, macho nimefumba. Na goti langu la kulia lina matatizo tangu mpira wa sekondari. Nifanye nini?

Bomba la Isanga

Ruka na la kushoto.

Ulanzi Mtamu

Njoo Tosamaganga, tunakaa.

Mtumishi Asiyelala

Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, 2 Samweli 6. Fanya unachoweza.

Mzee wa Rungwe

Kitabu hichohicho sura ya 9, Mefiboshethi alikuwa kiwete miguu yote miwili na alikula mezani pa mfalme siku zote. Imba umesimama, mwanangu.

Chai ya Mufindi

Na usiku ukande kwa maji ya moto. Goti hilo usiliruhusu kupanda Loleza na wale wa maombi ya mlimani.